Pa Kuacha Peupe

Mchoraji wa rangi za mafuta akisahau tanga, hupaka nyeupe juu ya bahari na tanga likawepo. Wa rangi za maji hana njia hiyo. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe, na karatasi ikishakunywa bluu hairudi kama ilivyotoka dukani, hata uisugue kwa sifongo mpaka iote manyoya. Ipo nyeupe ya tyubu, nami ninayo. Huitumia kwa kamba za mlingoti na ndege wawili watatu. Ukiipaka eneo kubwa hukauka ikapauka kama ukuta wa chokaa uliopigwa na mvua.

Kwa hiyo nikikaa ufukweni Bagamoyo, kabla sijafungua kisanduku cha rangi, najiuliza kwanza wapi pabaki peupe. Nikishapata jibu, mengi ya yale ambayo walimu huyaita mpangilio wa picha hujipanga: kipi kiwe kikubwa, jicho liingilie wapi, kipi kiachwe nje. Nisipolipata, picha hunishinda hata kama mkono siku hiyo ni mwepesi.

Naitaja Bagamoyo kwa sababu ndipo nilipojifunzia, na ni mahali pagumu. Pwani yake ni tambarare. Simama mchangani uangalie mashariki: juu mbingu, katikati bahari, chini mchanga. Mikanda mitatu imelala. Anayeanza huichora vilevile, tena kwa kufuata ile kanuni ya theluthi aliyofundishwa, kila mkanda ukapata sehemu yake sawasawa, na jioni anarudi nyumbani na bendera ya nchi isiyojulikana. Kanuni ya theluthi sina ugomvi nayo, maana humzuia mtu kuweka upeo wa macho katikati kabisa bila kufikiri. Ila haikwambii uifanyeje hiyo mikanda mitatu.

Mkanda mmoja uwe mwenye nyumba, miwili iwe wageni. Mawingu yakiwa mazuri, shusha upeo hadi robo ya chini ya karatasi, bahari iwe utepe tu. Maji yakiwa yametoka na kuacha vidimbwi na vijito mchangani, pandisha upeo karibu na ukingo wa juu, mbingu ipewe upana wa vidole viwili. Kisha tafuta kitu cha kuikata mikanda hiyo: mlingoti unaosimama kutoka mchangani hadi mawinguni, foromali (mti unaobeba tanga) iliyoinama, kamba ya nanga inayoanzia kona ya chini na kukuongoza hadi kwenye chombo. Kamba moja ya nanga imeniokolea picha nyingi kuliko rangi yoyote ya bei.

Upeo huo watu huupimia kwenye karatasi kwa rula, kumbe umeshaamuliwa zamani na mahali ulipokaa. Upeo wa bahari huwa usawa wa macho yako, siku zote. Ukisimama mchangani, watu wote wa kimo chako waliosimama kwenye mchanga huohuo wataugusa kwa vichwa. Wa karibu miguu yake itashuka chini sana kwenye karatasi, wa mbali atakuwa kama njiti ya kiberiti, lakini vichwa vyao viko mstari mmoja. Kaa kwenye kigoda: mstari unashuka hadi kifuani au kiunoni mwao, na wote, wa karibu na wa mbali, unawakata mahali palepale. Panda kwenye baraza ya ghorofa: vichwa vyote vinazama chini ya upeo, na vile vyombo vilivyokuwa vimesimama mbele ya mbingu sasa vimelala ndani ya bahari. Ukilijua hili, hutachora tena wale wavuvi wa mbali wanaoelea angani kama wamebebwa na upepo.

Na hapo ndipo weupe unapoingia. Tanga jeupe mbele ya wingu jeupe linapotea. Unaweza kulichora kwa ustadi wote na bado lisionekane. Kabla ya kulaumu karatasi, hamisha kigoda. Kutoka barazani juu, nyuma ya tanga la ngalawa, au walau nusu yake ya chini, kuna maji, na maji ni mazito kuliko wingu; tanga linawaka. Au sogea hatua hamsini upande mmoja hadi mikoko iwe nyuma yake. Mchoraji John Singer Sargent alichora Venice akiwa ndani ya gondola, karibu usawa wa maji, majengo yakimzidi kimo. Hakuhangaika kuyaingiza yote karatasini. Aliyakata vilele akaliacha jua kwenye kuta na vivuli kwenye maji vifanye kazi. Mahali alipokaa palikwisha kumchagulia nusu ya picha.

Bagamoyo ina jambo jingine ambalo ilinichukua muda kulitambua. Pwani inaangalia mashariki. Asubuhi jua liko usoni pako, nyuma ya vyombo: matanga ni ya giza, mbavu za vyombo ni za giza, na weupe uko majini, ile njia inayometameta kutoka upeoni hadi miguuni pako. Jioni jua liko mgongoni, linatokea upande wa mji: maji yametulia rangi, na weupe umehamia kwenye matanga na kwenye kanzu za watu. Ni ufukwe uleule, lakini picha mbili zisizofanana kabisa, na mpango wa moja hauwezi kuibeba nyingine. Niliwahi kuanza picha asubuhi nikaimalizia jioni. Ilikuwa na weupe kila mahali, na jicho halikujua liketi wapi. Ng'ambo, Forodhani pale Unguja, mambo hugeuka, kwa kuwa Mji Mkongwe unaitazama bahari upande wa magharibi.

Sasa vifaa vya kuamulia. Cha kwanza ni kipande cha kadibodi ya boksi. Kata kidirisha cha sentimita 10 kwa 7, umbo linalokaribiana na karatasi ya A4. Ukikinyoosha kwa urefu wa mkono kinakuonyesha kipande kidogo cha mandhari. Ukikivuta karibu na jicho kinapanuka. Kigeuze pia kisimame wima, maana pwani tambarare humfanya mtu alaze karatasi kila siku kwa mazoea. Simu nayo hufanya kazi hiyo, lakini lenzi yake huona pana na kuvisukuma vya mbali vikawa vidogo, halafu mtu anashangaa jahazi lililomvutia limekuwa kama mdudu.

Cha pili ni penseli laini, 4B au 6B, na daftari la bei yoyote. Chora visanduku vinne vya ukubwa wa kiberiti. Finya macho mpaka majani, kamba na nyuso zipotee yabaki mabaka tu, kisha jaza kila kisanduku kwa viwango vitatu: peupe, kati, giza. Dakika mbili kwa kila kimoja. Usichore mistari ya vitu, chora mabaka. Hapa ndipo unapogundua kwamba ubavu wa mashua, kivuli chake mchangani na wale watu watatu waliojikinga jua chini yake ni baka moja la giza. Waache waungane. Ukimtenga kila mmoja na mpaka wake utapata orodha ya vitu vilivyoonekana ufukweni, na orodha haina mwanga.

Katika visanduku hivyo mimi huhesabu weupe. Nataka mmoja mkubwa, mmoja wa kadiri, na mmoja mdogo kama chumvi ya kuonja. Tuseme jioni: tanga ndilo kubwa, utepe wa maji ya mwisho kwenye mchanga ndio wa kadiri, na ndoo ya mchuuzi wa samaki ndiyo chumvi. Nikikuta maeneo sita meupe yanalingana ukubwa, najua bado sijaamua. Na karibu na ule weupe ninaoutaka uonekane kwanza, hapo hapo naweka giza kuliko yote: foromali, au mtu aliyesimama mbele ya tanga. Giza likiwa kona nyingine, jicho litakimbilia huko likakuta hakuna kitu.

Kimoja kati ya vinne huwa kizuri kuliko wenzake, na mara nyingi si cha kwanza. Cha kwanza ni kile ambacho yeyote angekichora akishuka tu kwenye daladala.

Kuhamisha vitu ni ruhusa. Mnara wa simu ukiharibu mbingu, uondoe. Mimi siku hizi huuacha, maana nimechoka na picha za pwani zinazojifanya hatujawahi kupiga simu. Mnazi unaweza kusogea, watu saba wanaweza kuwa watatu. Lakini kuna mpaka, na mpaka huo nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu karibu yangu. Ilikuwa alasiri ya Januari, kaskazi inavuma. Nilikuwa na mashua tatu zilizotia nanga, zote omo, yaani pua ya chombo, zikielekea kushoto, na nikaona picha inamwagika upande huo. Basi moja nikaigeuza itazame kulia, na nyingine nikaielekeza kwangu ili kuwe na mchanganyiko. Kwenye karatasi ilipendeza. Mzee akaja, nikamwamkia, akaitika marahaba, akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "hivi vyombo vyako kila kimoja kina bahari yake?"

Chombo kilichotia nanga hugeuza omo kule upepo au mkondo unakotoka, na vya aina moja vilivyo karibukaribu hugeuka pamoja. Nilipanga picha nikasahau kupanga upepo. Mtu wa Bagamoyo haihitaji elimu ya sanaa kuona kosa hilo. Analiona kabla ya kuona rangi. Tangu hapo, kwenye kona ya kila kisanduku naweka mishale miwili, mmoja wa upepo na mmoja wa jua. Kitu chochote nikikihamisha, kinatii mishale hiyo: tanga, moshi wa jiko la mama lishe, makuti, bendera, vivuli vyote. Na kama picha inamwagika kushoto, dawa ni kuweka kizito upande wa kulia, kwa mfano mwamba au kundi la watu, na vyombo viachwe na upepo wao. Asubuhi mapema kuna hadhari ya ziada: upepo wa umande ukiwa unavuma kutoka bara, vyombo hutazama nchi kavu, halafu upepo wa bahari unaingia na vyote vinageuka ukiwa katikati ya kazi. Viwahi kwa penseli.

Maji nayo hayangoji. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kidogo, na kesho yake saa ileile ya maji imechelewa kwa dakika kama 50. Kati ya saa hizo sita, mwanzo na mwisho maji huenda polepole, katikati hukimbia. Na kwenye ufukwe tambarare, hasa wakati wa bamvua, nusu saa ya katikati inatosha kuufuta ufukwe uliokuwa ukiuchora. Kwa hiyo ukitaka vidimbwi na mchanga unaong'aa, fika maji yakiwa yanakaribia kupwa kabisa. Utapata kama saa moja ambayo bahari karibu imesimama. Weka mstari wa ukingo wa maji dakika ya kwanza, na usiubadilishe tena, hata bahari ikikuletea povu zuri kuliko lile ulilonalo. Anayeyafuata maji hujikuta na kingo tatu kwenye karatasi moja.

Vivuli ni hivyo hivyo, tena kwetu huku vina haraka, kwa kuwa jua hupanda karibu wima. Likichomoza saa 12 na robo, saa 1 na robo kivuli cha mlingoti bado ni zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Saa 3 na robo kinakaribia kuwa sawa na mlingoti wenyewe. Adhuhuri kimejificha chini ya chombo. Vivuli virefu ndivyo vinavyoshona vitu vilivyotawanyika: mashua hapa, kapu pale, mbwa kule, na kivuli kimoja kinavipitia vyote. Vichore mipaka yake yote kwa mkupuo, dakika tano, kabla ya rangi yoyote. Ukivichora kimoja saa moja na kingine saa tatu, utakuwa na majua mawili. Saa 6 mchana mimi hufunga na kwenda kula. Mwanga wa saa hiyo umekandamiza kila kitu, hauna pa kushika.

Kuulinda weupe ni kazi rahisi ukishajua uko wapi. Njia bora ni kuzunguka: paka mbingu na bahari ukiacha umbo la tanga, kwa brashi kubwa kuliko unayodhani unaihitaji. Kwa mimeto ya maji, sugua ncha ya mshumaa mweupe kidogo kwenye karatasi kabla ya rangi. Nta hukataa maji na kuacha nukta nukta. Usiizidishe, kwa sababu haifutiki. Brashi iliyokaushwa nusu, ikipitishwa ubavu kwenye karatasi yenye chembe, hutoa mmeto kama huo bila nta. Na ncha ya wembe, karatasi ikishakauka kabisa, inaweza kukwangua mstari mwembamba wa kamba. Hivi vyote vinataka karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba; iliyo nyepesi hujikunja ikiloa na rangi ikakimbilia mabondeni.

Kivuli na taswira ya kitu majini usivichanganye. Kivuli hufuata jua, kwa hiyo kinaweza kulala upande wowote. Taswira hushuka moja kwa moja chini ya kitu, popote jua lilipo. Chombo cha giza, taswira yake huwa na mwanga kidogo kuliko chenyewe. Tanga jeupe, taswira yake huwa nzito kidogo. Maana yake, weupe wa tanga ubaki karatasi tupu, lakini ule wa majini upakwe rangi hafifu. Ukiuacha nao mtupu, unakuwa na matanga mawili yanayogombania jicho.

Vitu vinavyogusana tu pembeni ni kero nyingine. Ncha ya mlingoti inayofika kwenye ukingo wa wingu na kuishia hapo, omo inayobusu ukingo wa karatasi, kichwa cha mtu kinachogusa tumbo la mashua: ama vipishane wazi, ama viachane wazi. Chombo kinachokwenda kipe maji mengi mbele kuliko nyuma.

Milimani mambo ni mengine, ingawa swali halibadiliki. Nilipokwenda Moshi kuuchora Kilimanjaro, siku mbili za kwanza niliujaza mlima kwenye karatasi yote, maana una mita 5,895 na niliona ni haki yake. Ulionekana kama kichuguu. Mchoraji wa Kijapani Hokusai, katika ile picha yake ya wimbi kubwa, aliuweka mlima Fuji mdogo kabisa, chini, katikati ya maji yanayopasuka, na bado ndio unaoshikilia picha. Siku ya tatu niliupa mlima sehemu ya sita ya karatasi, juu ya migomba mikubwa ya giza, na theluji nikaiacha peupe. Mawingu niliyalazimisha yawe ya kijivu. Yalikuwa meupe kuliko theluji, lakini picha moja haiwezi kulipa weupe mara mbili.

Jambo la mwisho ni la mwili. Usiweke karatasi juani. Inakuumiza macho na inakudanganya: rangi zinaonekana hafifu, unazidi kukoleza, ukifika ndani ya nyumba picha imekuwa ya usiku. Mwavuli uwe mweusi, mweupe au wa kijivu. Mwekundu utakupakia wekundu mpaka kwenye mbingu. Kumbuka pia kwamba rangi za maji hupauka zikikauka, kwa hiyo giza lako liwe zito kuliko unavyoona sahihi likiwa bichi. Na wavuvi waombe ruhusa kabla ya kuwachora. Wengi hukubali, baadhi watakwambia uwachore wanene.

Wiki iliyofuata swali la yule mzee wa Bagamoyo, nilirudi mahali palepale, alasiri ileile, maji yakipwa. Mashua tatu, omo kushoto, kaskazi. Upande wa kulia niliweka rundo la nyavu na mzee mwenyewe, mgongo tu. Tanga moja lilikuwa limepandishwa, jua la jioni limelipiga, na nyuma yake nikaikoleza bahari mara mbili. Mzee alikuja akatazama, akaupitisha mkono hewani kuelekea omo za vyombo.

"Hapa kaskazi imeshika," akasema. Kisha akainama karibu zaidi, akaonyesha tanga kwa sindano ya kushonea nyavu. "Lakini hapa bado hujapaka."

Nikamwambia hapo ndipo nilipoanzia.